Mtoto Asiyeshtuka

Fundi wa kunyoosha bodi za magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, hakumwamini mtu anayeandika bila kumwonyesha anachokiandika. Ndiyo maana asubuhi ile, kwenye chumba cha watoto cha zahanati, macho yake hayakubanduka kwenye kalamu ya nesi.

Kwa kawaida mkewe ndiye aliyempeleka mtoto kliniki, lakini safari hii zamu yake kwenye kiwanda cha mikate ilikuwa imebadilishwa. "Ni mizani na chanjo tu," alimwambia. "Hamtakawia."

Mizani ilikwisha, sindano ikachomwa, binti yao Kidoti akalia hadi akanyamaza. Bado hawakuruhusiwa kuondoka. Nesi alikuwa ameketi na mtoto kwenye mkeka, wanapanga vibao vya mbao, na kila Kidoti alipofanya jambo, kalamu ilikwenda.

"Ana miezi kumi na minane sasa. Anasema maneno mangapi, baba?"

"Ya kutosha."

"Kama yapi?"

Nyundo alifikiri. "Mama." Akafikiri tena. "Na mama."

Kalamu ikaenda.

"Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka?"

"Akitaka mwenyewe. Ana kiburi kama bibi yake."

"Na usingizi je?"

Hapo Nyundo akajivuna. Karakana yake na chumba cha kulala vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. "Huyu ni mtoto wa fundi. Nagonga bati mchana kutwa, yeye amelala fofofo. Wala hashtuki."

Kalamu ilisimama. Nesi akainuka, akazunguka nyuma ya mtoto na kutikisa kengele ndogo, kwanza upande huu, kisha upande ule. Kidoti akaendelea kupanga vibao vyake. Nesi akarudi mezani, akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa masikio katika hospitali kubwa.

"Mimi nimekuja kwa chanjo," Nyundo alisema. "Nani amekutuma umtafutie mwanangu ugonjwa?"

"Sijasema ni mgonjwa, baba. Umri huu tunaangalia mtoto anavyotembea, anavyocheza, anavyosikia na anavyoongea. Kama kuna kitu, tukijue mapema. Kama hakuna, utakuwa umepoteza asubuhi moja."

Nyundo aliikunja barua mara nne. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshakata shauri: huyu nesi na huyo daktari wanakula sahani moja.

Alimkalisha Kidoti kwenye sakafu ya karakana, akiutazama ukuta, kisha akaugonga kwa nguvu mlango wa gari uliolazwa chini. Mtoto akageuka akicheka. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu akageuka. Mkewe alipoingia, unga bado umemganda kwenye nyusi, Nyundo alimwonyesha mchezo wote kama wakili aliyekwisha kushinda kesi.

Mkewe hakucheka. "Mlango umelala sakafuni, na mtoto amekaa sakafuni. Anahisi mtikisiko, Baba Kidoti."

Akamchukua mtoto, akamketisha juu ya godoro, akampa kopo la kuchezea. Kisha akapita nyuma yake, akiangalia kivuli chake kisimfikie, na kutikisa funguo karibu na sikio. Kidoti aliendelea na kopo lake. Mama akamwita polepole, kisha kwa sauti ya kawaida. Ilipofika sauti ya kupiga kelele ndipo mtoto alipoinua kichwa.

Nyundo alimtazama mkewe badala ya mtoto. Mikono yake haikubabaika hata kidogo. Ilionekana imeifanya kazi ile siku nyingi.

"Umeanza lini kumjaribu?"

"Miezi mitatu sasa."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia haniitikii. Ukasema kiburi."

Nyundo akajiwa na wazo, na hakulipenda. "Zamu yako. Ni kweli waliibadilisha?"

Mkewe aliziweka funguo juu ya meza. "Nilibadilishana mwenyewe na mwenzangu. Nilitaka uulizwe wewe, ujibu kwa kinywa chako."

Siku mbili Nyundo hakusema naye zaidi ya salamu. Siku ya tatu alisugua mikono hadi mafuta ya gari yakatoka kwenye kucha, akavaa shati safi, akasema, "Twende huko hospitali. Lakini mimi nitaangalia kila kitu."

Kweli aliangalia. Alimsogelea daktari hadi akaambiwa apishe taa. Akataka aonyeshwe, akaonyeshwa kwenye kioo cha mashine: nyuma ya ngoma ya kila sikio kulikuwa na ute umetuama. Daktari alieleza kwamba sauti zilimfikia mtoto kama zinavyomfikia mtu aliyezama majini. Huenda ute ungekauka wenyewe, kwa hiyo wangesubiri miezi mitatu. Wakasubiri, haukukauka. Ndipo ikaamuliwa viwekwe vijibomba vidogo vya kuutoa. Nyundo aliomba akione kimoja kabla hakijaingia, akakigeuzageuza kiganjani kama anakagua kipuri cha magendo.

Kesho yake baada ya mtoto kuwekewa vijibomba na kurudi nyumbani, mkewe alifungua bomba jikoni kuosha vyombo. Kidoti aliacha alichokuwa anafanya. Akasimama akiyatazama maji, mdomo wazi, kisha akaziba masikio, akazibua, akaziba tena. Nyundo aliyekuwa mlangoni alitoka nje, akakaa ndani ya gari la mteja lisilo na vioo mpaka uso ulipomkauka.

Kidoti alipotimiza miaka miwili alikuwa na maneno tisa. Nesi alisema hayo ni machache kwa umri wake ila yanakuja, akataka aletwe kliniki kila mwezi.

"Kuna kingine mnachokitafuta?" Nyundo aliuliza.

"Hapana, baba. Tunamfuatilia tu."

Nyundo hakuridhika. Hata hivyo alipofika karakana aliiandika tarehe ya kliniki inayofuata ukutani kwa chaki, akamwambia mkewe safari hii wataenda wote wawili.