Ukurasa wa Arobaini

Kitabu changu cha mafunzo kilikuwa kimesainiwa kurasa zote isipokuwa mmoja. Ukurasa wa arobaini ulimtaka daktari anayesomea ubingwa wa afya ya jamii aongoze uchunguzi wa mlipuko wa ugonjwa, mwanzo hadi mwisho. Miaka minne mji wetu haukupata mlipuko hata mmoja, na sehemu ya kosa hilo ni yangu, maana klorini ya matangi ya maji nilikuwa naipima mwenyewe. Bila saini hiyo narudia mwaka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Mama yangu, mwalimu mstaafu, hakuwahi kuielewa kazi hii.

"Ukimaliza utatibu nini?"

"Nitazuia watu wasiugue, mama."

"Kwa hiyo hutatibu."

Majirani aliwaambia nasomea upasuaji.

Jumatatu zahanati ikapiga simu: watu ishirini na saba wanaharisha, wote walimu wastaafu, wote walikula pamoja kwenye mkutano wa chama chao siku ya Jumamosi. Nilifurahi. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilifurahi. Nilimpigia mama, kwa kuwa naye ni mwanachama. Akasema yeye mzima wa afya, akakata simu.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba na fomu zangu. Wali haukuwa na hatia, kuku naye hivyohivyo. Saladi ya viazi na mayai ililiwa na watu ishirini na tisa, na wagonjwa wote walikuwa miongoni mwao. Ila kila nilipouliza nani aliitengeneza, walimu wangu wa zamani walianza kutazama dari.

"Ni mwenzetu tu," walisema.

Wa kumi na mbili, aliyenifundisha hesabu, alichoka kunihurumia. "Ni mama yako, mwanangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumpigia msimamizi wangu. Sikumpigia. Nilikwenda kwa mama, nikaketi kwenye kochi, nikatoa fomu.

"Saladi ilikaa nje muda gani?"

"Hilo swali unaniuliza mimi au unamuuliza mpishi?"

"Mpishi."

Mama aliitazama kalamu yangu. Wenzake wangemsema mwaka mzima, tena kwenye chama ambacho yeye ni katibu. Nilitamani kuikunja ile fomu niondoke.

"Nikijibu, wewe unakuwa bingwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika. Niliitengeneza saa moja asubuhi, ikaliwa saa nane. Haikuingia kwenye friji, friji ilikuwa imejaa soda. Mimi niliionja asubuhi tu, ilipokuwa bado nzuri. Na uandike kwa mwandiko unaosomeka."

Niliandika huku machozi yananilenga. Sijawahi kumpenda mama kama siku ile.

Maabara ilithibitisha kuwa chanzo ni saladi. Wagonjwa wote walipona. Msimamizi alisoma ripoti yangu mara mbili, akavua miwani.

"Kazi safi sana," alisema. "Lakini mchunguzi hawezi kuwa binti wa chanzo. Siwezi kusaini. Utasubiri mlipuko mwingine."

Nilimkuta mama jikoni akimenya viazi. Nikamweleza yote, pamoja na wiki mbili zilizobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akakitua kisu mezani, akanitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Sasa mwanangu," akasema taratibu, "nipike tena?"