Gitaa la Mfaume Lilipoacha Kuvuma

Kabla Mfaume hajamwoa Salma, yeye na Bi Tunu walikuwa wakigombana kila siku ya mazoezi, na hakuna aliyeona ubaya. Bi Tunu alikuwa mwimbaji mkuu wa Asumini ya Mtoni, kikundi cha taarabu cha pale Temeke. Mfaume alikuwa mpiga gitaa wao. Mmoja akisema wimbo unakwenda mbio, mwenzake anasema unaburura miguu. Walitupiana maneno mpaka kahawa ikapoa, kisha wimbo ukatoka mzuri kuliko walivyoukusudia wote wawili.

Halafu Mfaume akapeleka posa kwa Salma, binti wa Bi Tunu, na starehe ile ikaisha. Mkwe ni mkwe. Tangu siku ile Mfaume hakumtazama tena mama yule usoni, na Bi Tunu naye hakumwambia tena neno moja kwa moja. Yote yalipitia kwa Salma.

"Salma, mwambie mumeo wimbo wa pili tuushushe kidogo," Bi Tunu husema, na huyo mume mwenyewe kakaa hatua mbili kutoka hapo, masikio yote mawili mazima.

"Mwambie mama nimesikia," Mfaume hujibu, akikagua vidole vyake vya miguu.

Salma asipofika mazoezini, kazi inalala. Walikwenda hivyo miaka mitatu. Nyimbo zilitoka salama, hazikumuudhi mtu wala hazikumsisimua mtu, na Mfaume aliyakosa yale magomvi kama mtu anavyoikosa chumvi kwenye mchuzi. Lakini utamwambia nani kwamba unatamani mkweo akutukane?

Sasa tuje kwenye gitaa. Lilikuwa zee, lililonunuliwa kwa mpigaji wa bendi moja ya dansi iliyovunjika shirika lililoimiliki lilipofungwa. Sauti yake tamu, ila lilikuwa na tabia moja: ukilichomeka tu kwenye amplifaya, hata hujagusa uzi, linaanza kuvuma. Vuuuuu! Na haliachi mpaka ulichomoe. Ubaya ulikuwa kwenye pikapu. Hizo ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinazokaa chini ya nyuzi kuzisikiliza zinapotikisika. Bila hizo gitaa la umeme ni ubao tu. Pikapu za Mfaume zilikuwa mbili, kila moja ya koili moja, na koili moja haichagui cha kusikia. Inausikia uzi, na umeme wa ukutani inausikia vilevile.

Zamani hakuna aliyejali. Lakini huo ulikuwa mwaka tisini na tatu, vinanda vya Dubai vimejaa mjini, kila kikundi kinalia safi kama kaseti mpya. Na pale Magomeni, katikati ya harusi ya watu, mama mmoja wa miwani alisimama akapaza sauti: "Jamani, izimeni hiyo mashine ya kusaga tusikie muziki!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mfaume aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwisho wa mwezi tuna harusi Kinondoni, ya watu wazito," Mwinshehe, kiongozi wa kikundi, mtu mwenye sauti ndogo na amri kubwa, alimwambia. "Nenda kwa Bandali ukachague pikapu nyingine. Sitaki kuisikia tena mashine ya kusaga."

Mzee Bandali aliuza vipuri vya redio Kariakoo, kwenye duka jembamba ambalo wateja wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Alitandika gazeti juu ya meza, akapanga pikapu za aina tatu. Hakuwa mtu wa kukuuzia kitu hujakisikia. Alikuwa na waya mbili zenye vibanio, upande mmoja zinabana pikapu, upande wa pili zinaingia kwenye amplifaya. Alimwambia Mfaume alilaze gitaa mapajani, akaishika ile pikapu kwa vidole, akaiweka juu ya nyuzi karibu kuzigusa.

"Piga, bwana."

Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, ya Taiwan. Ilikuwa na sauti ya sufuria.

"Hii ya kuitia watoto chakula," alisema Mfaume.

Ya pili ilitumika Japani kabla ya kuvuka maji. Tamu, tamu kweli, lakini ilivuma kama zile zake, na Bandali mwenyewe akaitoa bila kuulizwa. Ya tatu ilikuwa nene, na vichwa vya skrubu vimejipanga safu mbili.

"Hii ndani yake wamo ndugu wawili," alisema Bandali. "Koili mbili. Mmoja kazungushwa kulia, mwingine kushoto. Mvumo ukija, huyu anausukuma na huyu anauvuta, unafia katikati. Unabaki uzi peke yake."

Mfaume hakupiga kwanza. Alisikiliza. Amplifaya imewashwa, taa yake nyekundu inawaka, na hakuna kitu! Akasikia saa ya ukutani ya Bandali, akamsikia muuza kashata nje ya duka. Kisha akapiga uzi mmoja, ukatoka mviringo, mnono, msafi. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuisikia sauti ya mkono wake mwenyewe bila kelele chini yake, na machozi yalimlengalenga.

"Unalia?" Bandali alishangaa. "Bei bado sijataja."

Alinunua mbili. Ili ziingie, ilibidi apanue matundu ya gitaa kwa tupa. Zile kuukuu akazitupia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda.

Siku ya mazoezi kikundi kizima kilimpigia makofi. Mwinshehe alitega sikio kwenye spika, akatabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hata Bi Tunu alisema, "Salma, mwambie mumeo hongera." Kisha wakauanza wimbo wake.

Wimbo huo ndio uliompa jina. Vyombo vyote hunyamaza, Bi Tunu husimama peke yake na kuanza, "Nimerudi, nifungulie," bila kinanda wala fidla kumpa sauti. Anapomaliza mstari wa kwanza vyombo vinaingia vyote kwa pamoja, na havijawahi kumkuta mbali hata unywele. Watu walikuja kutoka Kigamboni kumwona akifanya hivyo. Wengine walisema ni kipaji, wengine wakasema ana hirizi.

Siku hiyo alisimama, akafumba macho, akangoja. Akangoja zaidi. Akaanza, kinanda kikaingia, na sauti zikagongana kama sufuria na mfuniko usio wake. Wakarudia. Akaanza chini mno. Mara ya tatu akaanza juu mno, akakatisha mwenyewe.

"Bi Tunu," alisema Mwinshehe kwa upole, "tukupe sauti kwa kinanda kwanza."

"Nipewe sauti kama mtoto wa chuoni? Mie miaka ishirini naanza mwenyewe!"

"Basi tuone Jumamosi, kule Kinondoni. Ukikosea mbele za watu, kuanzia hapo wimbo huo ataanza Naima."

Naima, msichana aliyekuwa akiitikia nyuma, aliinamisha kichwa kama aliyeadhibiwa yeye. Bi Tunu alichukua kanga yake akaondoka bila kuaga.

Mfaume alirudi nyumbani na gitaa lake safi na moyo mzito. Wenzake walisema uzee umemfika mama wa watu. Salma alilia. "Mama hali, halali. Anasema bora aache kuliko kutolewa." Mfaume alitamani kwenda kumwuliza, kama zamani: wewe, una nini? Lakini mkwe humwulizi hivyo. Akazunguka chumbani mpaka Salma akamwambia akae.

Ijumaa, baada ya sala, Salma alimtuma kwa mama yake akachukue mfuko wa ubuyu. Bi Tunu aliuza barafu za ubuyu, na friji lake alilolinunua kwa jasho la harusi nyingi lilikaa sebuleni, nyuma tu ya dirisha la barazani. Mfaume alifika, akawa hajapiga hodi, akasikia sauti ndani.

"Nimerudi, nifungulie..."

Ilikuwa yenyewe, barabara, palepale inapotakiwa! Mfaume alibaki na mkono hewani. Basi uzee uko wapi? Friji likatikisika, likajikung'uta, likanyamaza kupumzika. Bi Tunu akaanza tena. Ikatoka chini. Akajaribu tena, ikatoka juu. "Ah!" Mfaume alimsikia akipiga paja. Pakawa kimya kwa muda mrefu. Kisha friji likaamka, vuuuuu, na juu ya mvumo ule mama akaweka sauti yake, imetulia, haina wasiwasi, kama mtu anayekaa kwenye kiti anachokijua.

Mfaume akakaa barazani. Hirizi ya Bi Tunu ilikuwa umeme! Umeme wa mji mzima unavuma sauti moja, kwenye friji na kwenye gitaa bovu, na miaka yote waliyopiga pamoja mama alikuwa akisimama kwenye mvumo wa gitaa lake na kuchukua sauti yake humo. Mashine ya kusaga ndiyo iliyomshika mkono. Na yeye Mfaume, kwa furaha yake, akaenda kwa Bandali akaizima.

Alirudi mbio, na ubuyu akausahau.

"Uko wapi ubuyu?" aliuliza Salma.

"Kopo la maziwa liko wapi?"

Mama asingeweza kumwambia. Angeanzaje, naye mkwewe kaja na gitaa lake kama kaja na mtoto mchanga? Na Mfaume naye angesemaje? Mama, nimeijua siri yako, nimekusikiliza dirishani? Hayo hayasemeki, hata kwa kumpitia Salma. Kilichobaki ni bisibisi.

Aliing'oa pikapu mpya ya karibu na shingo ya gitaa, akarudisha ile kuukuu. Ikacheza tunduni, maana alikwishalipanua. Akachukua kandambili yake ya kushoto, akaikata vipande, akaibana nayo mpaka ikatulia. Ile mpya ya nyuma akaiacha. Gitaa lilikuwa na swichi ndogo ubavuni: ukiipandisha inasikika pikapu ya mbele, ukiishusha inasikika ya nyuma. Akawasha amplifaya, akapandisha swichi. Vuuuuu! Akapiga uzi wa tatu bila kuubana, ukalala juu ya mvumo ule karibu sawasawa. Akashusha, pakawa kimya. Akapandisha, akashusha, huku anacheka peke yake.

"Umeharibu tena kitu kizima," alisema Salma. "Na kandambili!"

"Usimwambie mama. Nakuomba."

Jumamosi alasiri ukumbi wa Kinondoni ulifurika. Harufu ya udi na pilau, wanawake wamejipamba mpaka macho yanauma, na meza ya mbele, sahani tayari imejaa, amekaa yule mama wa miwani wa Magomeni, maana harusi za mji huu hazimpiti. Mfaume alipiga nyimbo tatu za kwanza swichi ikiwa chini. Gitaa lilikuwa safi, Mwinshehe ametulia.

Ukafika wimbo wa Bi Tunu. Vyombo vikanyamaza. Akasogea kwenye kipaza sauti, akafumba macho, na Mfaume aliyekaa nyuma yake akaiona mikono yake ikiifinyanga ncha ya kanga. Nyuma, Naima alikuwa akiomba dua, midomo inatikisika.

Mfaume akapandisha swichi.

Vuuuuu!

Mwinshehe aligeuka kama aliyeumwa na siafu, akamkazia jicho, akamwonyesha kwa kidole: zima! Mama wa miwani akashusha kijiko. "Mashine ya kusaga hiyo!" akasema, na meza mbili tatu zikacheka. Masikio ya Mfaume yakawaka moto. Kidole kilikuwa juu ya swichi, na amri ni amri. Hakuishusha.

Mbele yake, mabega ya Bi Tunu yalishuka taratibu. Kanga ikaachiwa.

"Nimerudi, nifungulie..."

Kinanda kikaingia, fidla zikaingia, besi ikaingia, na zote zikamkuta palepale, hata unywele usipite katikati. Mfaume akashusha swichi, mvumo ukafa, gitaa likaanza kuimba. Ukumbi ulipiga vigelegele mpaka wapishi wakatoka jikoni kutazama. Wa kwanza kwenda mbele kumtunza alikuwa mama wa miwani, anacheza huku bado anatafuna. Naima aliruka juu. Mwinshehe alishusha kidole chake, akakitia mfukoni.

Baadaye, vyombo vinafungwa, Bi Tunu alikuja na Salma mpaka kwenye amplifaya. Mfaume akainamisha kichwa mara moja. Mguu wa kulia una kandambili ya bluu, wa kushoto una ya kijani, ya kuazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salma, mwambie mumeo..." Bi Tunu akasita. Akaitazama ile swichi. Akamtazama mkwewe, utosini, ndipo palipoonekana. "Mfaume. Ulijuaje?"

Salma alifungua mdomo kufikisha swali, kisha akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu.

"Friji, mama," alisema Mfaume kwa sauti ndogo.

"Friji!" Bi Tunu akarudia. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, akashika spika asianguke, akacheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Mfaume alijikaza, lakini alishindwa, akacheka naye, na katika kucheka akajikuta anamtazama usoni.

"Basi sikiliza," alisema Bi Tunu, akijifuta kwa kanga. "Jumatatu njoo nyumbani na hilo gitaa. Ule wimbo mpya, hapo kati unapopiga vile vidudu vyako, sipapendi hata kidogo. Unaburura miguu."

Mfaume alihisi joto la furaha likimpanda kifuani. Akanyanyua kichwa, akamjibu papo hapo kwamba hapo kati ndipo patamu kuliko pote, na kwamba abururaye miguu ni yeye mwenyewe Bi Tunu.