Kisanduku Cheusi Kikaoni

Kaka yake alipofariki, dada mtu alirithi kazi yake: kusimamia zana huria za kutengenezea tovuti, ambazo marehemu alizianzisha na watu wa kujitolea wakaziendeleza. Asubuhi moja walikutana kwa video kupanga toleo jipya, dada mtu akiwa peke yake nyumbani. Nyuso zote zilionekana kwenye skrini, na pembeni kulikuwa na kisanduku cheusi kisicho na jina.

"Huyu ni nani?" aliuliza Miwani, mtaalamu wao wa majaribio.

Hakuna aliyejua. Wakadhani ni mgeni anayeona haya, wakaendelea.

Walipofika kwenye kalenda, sehemu ya kwanza kabisa ya zana hizo aliyoiandika marehemu, Miwani alisema, "Hii imepitwa na wakati. Tuiondoe."

Ndani ya kisanduku cheusi mtu akakohoa, kikohozi kikavu, kisha akavuta pumzi kwa shida. Kikohozi hicho dada mtu alikisikia miezi mingi akimuuguza kaka yake, hadi kilipokoma.

Alitaka kuzima kompyuta, lakini akasogea karibu na skrini.

"Kaka," alisema taratibu, "kalenda tunaiondoa, imechoka. Jina lako la mwanzilishi linabaki palepale, hakuna atakayeligusa."

Kisha kisanduku kikatoweka.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Miwani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na mwenye kazi. Haya, tuendelee."

Toleo lilitoka salama, bila kalenda. Ila tangu siku hiyo dada mtu hafanyi tena kikao akiwa peke yake nyumbani.