Mavazi Rasmi ya Nesi Melania

Asubuhi ya Ijumaa, Melania alisimama bila viatu juu ya mkeka katika chumba cha ushonaji cha Mwanvua, Ujiji, naye Mwanvua akamfunga zipu ya gauni la satini ya zambarau. Zipu ilipanda vizuri mpaka kiunoni. Ilipofika katikati ya mgongo gauni likaanza kufifia, na ilipofika shingoni lilikuwa jeupe. Haukuwa weupe wa bi harusi. Ulikuwa ule weupe wa sare iliyofuliwa kwa buluu na kupigwa pasi ya mkaa, na kifuani upande wa kushoto pakatokea mfuko mdogo wenye nafasi ya kalamu.

Mwanvua alitoa pini mdomoni.

"Hii siyo rangi niliyokata, Nesi."

"Naona," akasema Melania.

"Lakini mshono umekaa."

Ulikuwa umekaa kweli. Wanawake walivuka ziwa kutoka Kongo kuja kushonewa na Mwanvua, na wengine walikuja kukaa tu na kumtazama akikata kitambaa bila kuchora. Alimzungusha mteja wake taratibu, akakunja pindo, akamfungua zipu. Gauni lilipoanguka mkekani lilikuwa zambarau tena.

Kwenye kiti cha wateja aliketi Sia, rafiki wa Melania na mwenye safari ambayo gauni lilishonewa. Sia alitoka Machame akiwa msichana, akapangiwa Kigoma kuwa karani wa ofisi ya ardhi, akastaafu hapo hapo na hakuona sababu ya kurudi kwao. Binti yake Elinipa alikuwa amemzawadia safari ya watu wawili katika MV Kabogo, meli ya kitalii iliyoondoka bandarini kila Jumatatu, ikashuka kusini mwa ziwa na kurudi Alhamisi. Sia alimchagua Melania bila kufikiri mara mbili. Zamani, akiwa mjamzito, alifuatana na wapima ardhi mpaka kijiji cha Nyamseke, uchungu ukamshika huko huko, na Melania ndiye aliyempokea Elinipa.

Meli ilikuwa na sharti moja. Jumatatu na Jumatano jioni kila abiria aje mezani na mavazi rasmi.

Sharti hilo ndilo lililompa Melania hamu ya kwenda. Alizaliwa Kalinzi, milimani, lakini kazi yake yote aliifanya Nyamseke, katika zahanati ya vyumba viwili iliyotazama ziwa. Nesi alikuwa yeye peke yake. Alivaa nyeupe kila siku, hata Jumapili, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakimfuata kanisani na hapakuwa na muda wa kubadilisha. Wanawake wa kijiji walipendeza sana sikukuu, kwa vitenge vya njano na vya machungwa, naye aliwapongeza mmoja mmoja akiwa na glavu mkononi. Alipostaafu alikabidhi ufunguo kwa mwenyekiti wa kijiji, autunze mpaka nesi mpya aje, akahamia mjini, Kasingirima. Nesi mpya hakuja. Melania alikwenda ofisi ya afya kuuliza, na kila alipokwenda alipokewa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa kibali cha ajira hakijatoka.

"Jumatano meli inapita mbele ya Nyamseke," alimwambia Sia. "Nataka wanione nimevaa rangi. Hata mara moja."

Kwa hiyo hawakukata tamaa mapema. Jumamosi alijaribu kitenge cha njano, kikawa cheupe. Akajaribu lesi ya kijani ya shemeji yake, ikawa nyeupe na mikono ya nguo ikajikata yenyewe juu ya kiwiko, ili isilowe. Sia alimletea gauni lake mwenyewe jekundu, aliloshonesha Nairobi kwa ajili ya harusi ya Elinipa, jekundu lisilo na mchezo. Kwa Melania lilibaki jekundu mpaka alipofunga kishikizo cha mwisho. Kisha likawa jeupe kama mengine, tena na mifuko miwili.

Jumapili baada ya misa alimwuliza Padri Gervasi. Padri alimtazama, maana hata kitenge cha kwaya alichovaa Melania kilikuwa cheupe, akasema kwamba si dhambi.

"Kwetu kulikuwa na mwalimu," Sia alisema walipokuwa wakirudi nyumbani. "Alipostaafu, mikono yake iliendelea kutoa vumbi la chaki mpaka siku wanamzika. Nyumbani kwake waliweka tu beseni la maji mlangoni."

"Alisumbuka?"

"Alipenda kula ugali. Hapo alisumbuka."

Jioni ile Melania alikaa kitandani na gauni la zambarau magotini, akilipapasa. Lilikuwa zuri sana likiwa halijavaliwa. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja ili asiliharibu, kisha akaamua. Kama rangi itakuwa ile ile kwa vyovyote, basi avae lililokatwa vizuri kuliko yote. Alilikunja, akaliweka kwenye begi, akafunga.

Jumatatu jioni ukumbi wa kulia wa MV Kabogo ulipambwa kwa taa ndogo mezani. Wanaume walivaa suti, wanawake magauni marefu, na Sia aliingia na lile jekundu lake mpaka mpiga kinanda akakosea nota. Nyuma yake aliingia Melania. Gauni jeupe lilimshika mabega na kushuka bila kuyumba, na shingo yake ndefu, iliyokuwa imeinama miaka mingi juu ya vitanda vya wengine, ilikuwa imenyooka. Watu walimtazama. Mhudumu mmoja, kijana aitwaye Benedict, alimsogelea kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Chumba cha huduma ya kwanza kiko chini, karibu na injini."

"Huyu ni abiria," Sia akasema. "Mletee supu."

Supu ililetwa. Kabla hajaionja, bibi mmoja kutoka Arusha alimwomba dawa ya kichefuchefu. Bwana wa meza ya jirani alikunja mkono wa shati na kumnyooshea apimwe presha. Mzungu mmoja alimwonyesha ulimi. Melania hakuwa na dawa wala kipimo, lakini aliwajibu wote. Alimwambia bibi atazame mstari wa milima ya Kongo na aache kusoma simu. Alimshika bwana kifundo cha mkono, akahesabu kimya, akamshauri aache chumvi. Ulimi wa Mzungu haukuwa na tatizo. Alipomaliza, supu ilikuwa imepoa na sahani zilikuwa zikitolewa.

"Kesho kutwa nitakula chumbani," alimwambia Sia.

"Ushonewe na Mwanvua halafu ujifungie chumbani?" Sia alikuwa amekasirika kweli. "Utavaa, utatoka. Wakikuuliza presha, nitawajibu mimi."

Jumatano jua lilipokuwa likishuka, wakavaa. Sia alimfunga zipu, wote wawili wakasubiri kidogo kwenye kioo, gauni likawa jeupe, wakatoka. Hawakwenda ukumbini moja kwa moja. Melania alitaka kusimama kwenye sitaha, upande wa nchi kavu, kwa sababu Nyamseke ilikuwa imeanza kuonekana: michikichi, mabati, dagaa walioanikwa mchangani, na juu kidogo zahanati yake yenye mlango uliofungwa. Alishika ukingo wa meli akatazama. Watu wa ufukweni nao walitazama. Jua lilikuwa nyuma ya meli, na mtu yeyote aliyesimama pale sitahani alionekana kivuli tu kutoka pwani. Yeye walimwona mweupe.

Mtumbwi mmoja ulikuwa tayari majini, umeelekea mjini. Uligeuza, ukaja.

Aliyesimama mbele aliitwa Jeremia, na Melania alimjua, mvuvi mpole aliyekuwa akimletea samaki aina ya kuhe kila alipopata wakubwa. Mkewe Marcelina alikuwa amelala sakafuni mwa mtumbwi, kichwa kwenye paja la mama yake.

"Mwidiwe, Nesi!" Jeremia alimsalimu kwa Kiha, akipaza sauti. "Tumeona nyeupe!"

"Ameanza lini?"

"Jana! Petroli hatuna, tulikuwa tunakwenda mjini kwa kasia!"

Nahodha aliitwa Alphonce. Alishuka kutoka juu na kofia yake, akatazama mtumbwi, akaeleza kwamba kanuni haziruhusu kupakia watu katikati ya maji. Alizungumza bila ubaya. Kisha akamtazama Melania kuanzia kola mpaka pindo.

"Lakini siwezi kumzuia nesi aliye kazini," akasema. "Shusheni ngazi."

"Siko kazini," akasema Melania. "Nilistaafu."

"Ndiyo, mama. Ngazi iko tayari."

Melania alitazama ukumbini, ambako taa zilikuwa zimewashwa na mpiga kinanda alikuwa ameanza. Kisha akavua hereni, akampa Sia amshikie, akaomba maji ya moto, sabuni na wembe mpya.

Walimlaza Marcelina katika chumba cha Melania na Sia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakulia tena. Alishika tu mkono wa Sia na kuuminya. Melania alipiga magoti. Hakuna kilichobaki cha yule mwanamke aliyelia juu ya gauni. Sauti yake ilishuka ikawa nzito na ya taratibu. Alizungumza Kiha, maneno machache, akimwambia Marcelina lini asukume na lini apumue, na Marcelina alimsikia kama mtu anayeongozwa gizani kwa kushikwa kiwiko. Kichwa kilipotoka, kitovu kilikuwa kimezunguka shingo ya mtoto mara mbili. Melania alikivua kwa kidole kimoja, kama anavyovuliwa mtoto mkufu, mara ya kwanza na mara ya pili, na mtoto akatoka.

Alikuwa wa kike, na hakupumua.

"Kitambaa," Melania akasema. "Kikavu."

Mashuka yalikuwa yamelowa. Taulo zilikuwa zimelowa. Sia aliuachia mkono wa Marcelina. Aliinua mikono nyuma, akajifungua vishikizo, akalivua gauni la Nairobi na kumpa, akabaki na shimizi. Melania alimfunika mtoto kwa lile jekundu, akamsugua mgongo kwa nguvu, akampuliza usoni, akamsugua tena. Mama yake Marcelina, aliyepanda naye, aliomba kimya. Nje kinanda kilikuwa kikiendelea. Mtoto alikunja uso kwanza, kama aliyeudhiwa, kisha akalia, na kilio chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

"Huyo," akasema Melania. "Huyo sasa."

Sia ndiye aliyeona, walipokuwa wakinawa. Damu ilikuwa imetapakaa mbele ya gauni la Melania, tangu kifuani hadi magotini, na haikufifia. Ilibaki nyekundu.

"Limekubali rangi," Sia akasema.

Melania alijitazama kwenye kioo kwa muda. "Kidogo," akasema, akavaa hereni zake.

Walikwenda ukumbini hivyo hivyo, Melania na gauni lake, Sia na khanga juu ya shimizi. Benedict aliwavutia viti. Wageni wote walisimama na kupiga makofi, na makofi yale yalitoka moyoni. Bibi wa Arusha alilia waziwazi. Mheshimiwa mmoja kutoka makao makuu, aliyekuwa safarini kwa mapumziko, alitoa hotuba fupi. Alisema amejionea kwa macho yake uzalendo wa wakunga wetu. Akaomba picha.

"Mheshimiwa," Melania alimwambia wakiwa wamesimama kwa picha, "zahanati ya Nyamseke ipo. Ufunguo uko kwa mwenyekiti wa kijiji. Anahitajika mtu tu."

"Tutalifanyia kazi," akasema Mheshimiwa, akatabasamu kwenye kamera.

Melania alikula samaki, wali na keki. Hakuna aliyemwomba apimwe kitu.

Marcelina na mtoto walishushwa Kigoma Alhamisi wakiwa wazima, na Jeremia akafika baada yao kwa kasia. Picha ilisambaa. Wenye meli walimtafuta Melania Kasingirima, wakampa chumba cha kudumu, na kwenye matangazo yao wakaongeza kwamba Jumatano jioni MV Kabogo hupunguza mwendo mbele ya Nyamseke. Wageni walipapenda. Walitoka na glasi zao kusimama sitahani, wakashangilia kila mtumbwi uliofika, na waliobahatika kusikia mtoto akilia waliwasimulia wenzao mpaka Ulaya. Melania hakukataa. Alisema afadhali Jumatano kuliko hakuna, na kila wiki alifunga zipu yake.

Kibali cha ajira hakikutoka.

Wajawazito wa Nyamseke wakazoea. Mwezi wao ulipotimia, Jumatano mchana walioga, wakasukana, wakapaka mafuta na kuvaa vitenge vyao vizuri kuliko vyote, kwa sababu jioni ile huko melini ni ya mavazi rasmi na hawakutaka kupandishwa wakiwa ovyo. Wakakaa ufukweni wamependeza, wakisubiri meli. Walioshikwa na uchungu siku nyingine waliondoka kwa kasia na nguo walizokuwa nazo, kama zamani, na si wote waliofika.