Kivuko cha Kalovya

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yalipoanza kumiminika Sumbawanga kufuata mahindi, barabara inayopita kando ya kitongoji cha Kalovya ilipanuliwa. Watu wakashangilia. Furaha ilikauka greda liliporudi kuchimba mtaro mrefu, wenye kina, kutoka mwanzo wa kitongoji hadi mwisho wake, bila kuacha pa kupita. Watu na mashamba wakabaki upande huu. Kanisa, zahanati na mashine ya kusaga vikabaki ng'ambo.

Zita, mjane aliyelima ulezi, alivumilia mpaka siku mkwe wake Getruda, mke wa mwanawe Flavian, aliposhikwa na uchungu mvua ikinyesha. Walimteremsha mtaroni wakimshika makwapani, maji yakiwafika magotini, wakamsukuma juu upande wa pili kama gunia. Mtoto alizaliwa salama, lakini Zita alirudi nyumbani na hasira.

Akaenda na wenzake kwa injinia wa barabara. Wilibrodi, mwenyekiti wa kitongoji, aliomba kivuko mbele ya kanisa. Kabla hajamaliza, akasimama Limbu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Kalovya na ng'ombe wake.

"Kanisani hapana. Kiwekwe kule chini, tunakovushia ng'ombe kwenda kunywa maji."

Wakaanza kubishana mle mle ofisini. Injinia akakunja ramani yake.

"Kalavati za zege zilizobaki zinatosha kivuko kimoja. Nendeni mkaelewane. Msipoelewana, mitambo inaondoka."

Wakarudi kila kundi kivyake. Zita alijua ugomvi ule haukuanzia kwenye kivuko. Ng'ombe wa Limbu waliwahi kuingia kwenye ulezi wake ukikaribia kuvunwa, na tangu hapo yeye na Minza, mke wa Limbu, walikuwa wakipishana kisimani kama watu wasiojuana. Alasiri ile akajifunga kitenge, akaenda kwa Minza.

"Hodi."

Minza akatoka, mikono imejaa unga. "Mama Flavian. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea, nimekuja kwako. Ulezi wangu uliliwa, na bado unaniuma. Lakini mkwe wangu nusura azalie mtaroni. Wako akiugua, utampitisha wapi?"

Minza alimsogezea mgeni kigoda, naye akakaa chini.

"Nilimpitisha mwanangu Bundala ana degedege," akasema taratibu. "Nililia peke yangu mle mtaroni. Nilidhani ninyi wa kule kanisani mna pa kupitia."

Wakaondoka pamoja kuufuata ule mtaro, huku wakibishana, wakipima ardhi kwa macho. Walisimama njia panda, mbali na kanisa na mbali na kule pa ng'ombe, mahali penye udongo mgumu usiotitia.

"Hapa kila mtu atalalamika kidogo," alisema Minza.

"Basi ndipo penyewe," Zita akajibu, na wote wawili wakacheka.

Minza alimkabili mumewe, Zita akamkabili mwenyekiti. Limbu alinung'unika, halafu akauliza kama mkokoteni wake utapita. Alipoambiwa utapita, akakubali.

Injinia alipokuja, alikuta kitongoji kizima kimesimama pale njia panda.

"Msemaji nani?"

Wilibrodi akakohoa kujiandaa, lakini Limbu akamtangulia. "Mama Flavian."

Zita akasogea mbele. "Tunakitaka hapa. Kiwe na upana wa mkokoteni wa maksai. Na kingo, watoto wasitumbukie."

"Ramani yangu haina kivuko hapa, mama."

"Ramani haikutuuliza. Wewe umetuuliza, nasi tumekujibu."

Injinia akawatazama wenyeji Wafipa na Wasukuma waliosimama wamechanganyika, akatabasamu. Akaomba nyundo, akapigilia kigingi mwenyewe.

Wanaume walisomba mawe, wanawake wakateka maji ya zege. Siku kivuko kilipofunguliwa, maksai wa Limbu walitangulia wakivuta mkokoteni wa ulezi wa Zita kwenda mashineni. Vigelegele vikapanda, wimbo wa Kifipa ukaingiliana na wa Kisukuma, na hakuna aliyetaka kuuachia mwingine nafasi.

Zita alifuata, mjukuu mgongoni, Minza ubavuni. Walipokanyaga barabara, lori lililojaa magunia likalazimika kusimama. Dereva akapiga honi.

Hakuna aliyeharakisha.