Siku ya Kuanguka kwa Makusudi

Fundi mmoja alipanda nguzo za umeme miaka kumi na tisa, mpaka wenzake wakambandika jina la Kima. Kisha siku moja akaanguka. Mguu ulivunjika mara mbili, akalazwa, akatembelea magongo, akapona. Ulipona mguu, yeye bado. Kila akikanyaga chuma cha kupandia, aliushusha mguu chini papo hapo. Wakampeleka stoo, akawa mtu wa kugawa glavu na koleo. Nyumbani hakusema kitu. Mkewe alijua, naye hakuuliza.

Ndipo ofisi ikaleta miwani ya mafunzo, mikubwa kama kofia. Ukiivaa, chumba kinatoweka, unajikuta barabarani mbele ya nguzo. Mwalimu wake alikuwa binti mmoja, rika la kifungua mimba wake.

"Shikamoo, baba. Unakuja lini kupanda?"

"Marahaba, mwanangu. Huo si mchezo wa watoto?"

"Basi njoo tucheze."

Siku ya kwanza alifika nusu ya nguzo, kichwa kikamzunguka, akatapika kwenye ndoo ya takataka. Binti alipangusa sakafu bila kukunja uso. "Macho yanakwambia unapanda, miguu inakwambia umesimama. Wengi huwatokea. Kesho dakika tano tu."

Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Wiki ya tatu alifika juu kabisa, akatazama chini, akaivua miwani kama inayomuunguza.

Kesho yake binti alimwambia, "Leo, baba, ukifika juu, unaanguka."

"Nilishaanguka, mwanangu. Inatosha."

"Ulianguka bila kutaka. Leo anguka kwa kutaka. Nimekushika mkono."

Alipanda. Kule juu alisita muda mrefu, mkono wa binti ukifa ganzi kwa alivyoubana. Mwishowe akapiga hatua hewani. Ardhi ikamjia mbio, akapiga yowe hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Akajikuta amesimama kwenye zulia, miguu yote miwili mizima. Akavua miwani, akautazama mguu wake, akacheka. Kisha akalia, waziwazi, mbele za watu.

"Nirudishe juu," akasema.

Siku hiyo alianguka mara tisa.

Nguzo ya kweli, alipoipanda siku chache baadaye binti na wenzake wakiwa chini, ilikuwa jambo jingine. Miwani haikuwa na upepo, wala uzito wa mkanda unaouma kiunoni. Katikati ya safari nguzo ikayumba, naye akaganda.

"Mwalimu, hii inatikisika!"

Binti aliinua uso. Angeweza kumdanganya. "Hilo silijui, baba. Mimi sijawahi kupanda ya kweli."

Aliyemwokoa ni mwenzake wa siku nyingi, mwembamba waliyemwita Msumari. Aliweka mikono mdomoni, akapaza sauti: "We Kima! Imetikisika tangu tukiwa vijana! Iache itikisike, wewe panda!"

Kicheko kikamtoka kule kule juu, na pumzi zikamrudia. Akapanda hadi mwisho, akaukaza waya uliolegea, akashuka taratibu.

Akamwendea binti. "Ahsante, mwalimu wangu," akamwambia. Hakumwita mwanangu.

"Usinishukuru kwa mdomo," binti akajibu. "Nifundishe kupanda."

Ijumaa iliyofuata Kima alimfunga mkanda yeye mwenyewe. Binti alifika futi sita, akang'ang'ania nguzo na kuomba kushushwa, Msumari akicheka hadi akakaa chini. Wiki baada ya wiki binti akaongeza kimo kidogo kidogo.

Siku hizi mafundi wapya huanzia kwenye miwani kwa binti, wakamalizia uwanjani kwa Kima, penye jua na upepo. Wakimuuliza ni nani aliyemrudisha kazini, humtaja mkewe aliyenyamaza kwa subira, humtaja Msumari na kelele zake, halafu huwasimulia habari za yule binti, na simulizi hiyo haiishi mapema.