Mikoba Mitano

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Shangazi alipakia gari. Aliweka chupa mbili za chai, mayai kumi na mawili ya kuchemsha, mkate, chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, maji na shuka la kukalia. Juu ya vyote ulikaa mfuko mweusi wa kamera, ambao haukuguswa na mtu ila Daktari mwenyewe.

Daktari alikuwa daktari wa meno, na alikuwa mdogo wake Shangazi, tumbo moja. Shangazi alimbeba mgongoni mpaka akajua kukimbia. Hata hivyo naye alimwita Daktari kama watu wengine, kwa sababu siku alipomwita jina lake la utotoni mbele ya wagonjwa, bwana mkubwa alinuna siku mbili na chakula akasusa.

"Dada, betri umeweka?"

"Nitaziwekaje, na mfuko siruhusiwi kuugusa?"

"Basi ziko."

"Zisipokuwepo usinitolee macho mimi."

Mke wa Daktari alikaa mbele na kofia yake pana. Nyuma walikaa watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne, na katikati yao Shangazi, kapu mapajani. Safari zao zilikwenda kule kule, kwenye hifadhi iliyo chini ya mlima, na zilikuwa na kazi moja: Daktari apige picha za wanyama, apige mlima, kisha apige familia yake mbele ya wanyama na mlima.

Kazi ya Shangazi nayo ilijulikana. Daktari akisema "Haya, picha!", mkewe alimpa Shangazi mkoba wake. Msichana alimpa wa kwake, mdogo akampa wa kwake pamoja na viatu vyenye matope, na Daktari akampa mfuko wa kamera, maana ukiwa mtupu Shangazi aliruhusiwa. Pamoja na kapu lake mwenyewe ikawa mikoba mitano. Kisha Daktari akasema, "Dada, sogea kidogo," na Shangazi akasogea mpaka akatoka kwenye picha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka saba, tangu kabla mdogo hajazaliwa na mikoba ikiwa minne.

Mama yao aliishi mbali, siku mbili kwa basi, na magoti yake yalishakataa safari. Kila mwisho wa mwaka Daktari alimtumia bahasha ya picha, na kila bahasha ilipofika Mama alimpigia simu Shangazi.

"Nimewaona wote," alisema mara ya mwisho. "Nimemwona mpaka nyani. Wewe uko wapi?"

"Niko pembeni, Mama."

"Pembeni ya nini?"

"Ya picha."

"Macho yangu yanaondoka, mwanangu," alisema Mama. " Nataka picha moja, wewe na mdogo wako, bega kwa bega. Nikuone kabla hayajamaliza kuondoka."

Shangazi alifikisha ujumbe, na Daktari aliahidi. "Mwishoni mwa safari, Dada, mwanga ukiwa mzuri." Mwishoni mwa safari mwanga ulikuwa umekufa. Safari iliyofuata betri zilikuwa zimekufa. Iliyofuata tena watoto walikuwa wamelala, na Daktari akasema si vizuri kuwasha taa ya kamera watoto wakiwa wamelala.

Mambo yalianza na swala. Walikuwa arobaini, wakila majani, na Daktari alilala kifudifudi mbele yao ili awapate vizuri. Alipobonyeza, wote arobaini waligeuza shingo upande wa kushoto. Safari iliyofuata pundamilia walifanya vile vile upande wa kulia, na nyumbu wakampa kisogo kabisa. Daktari aliipeleka kamera kwa fundi. Fundi aliichunguza siku tatu, akairudisha.

"Kamera nzima," alisema. "Ila wanyama wako wanaangalia pembeni."

Daktari alizitundika picha hizo kwenye kliniki yake hivyo hivyo, maana alishazisafisha na fremu alishanunua. Shangazi ndiye aliyefanya kazi zote za kliniki zisizo za meno: kuandika majina ya wagonjwa, kuchemsha vyombo, kufuta kiti. Alipopita na trei kutoka chumba cha nyuma kwenda mbele, swala ukutani walimfuata kwa macho. Aliporudi, walirudi naye. Mgonjwa aliyelala kitini mdomo wazi naye alijikuta anazifuata shingo za swala, kushoto, kulia, kushoto, na Daktari akiwa na koleo mkononi.

"Tulia, mzee!"

"Nhimehulia," alisema mgonjwa. "Hwala ndio hawahulii."

Mwaka huo kampuni moja ya bima ilitangaza shindano la kalenda. Ilitaka picha kumi na mbili za wanyama na moja ya jalada, na sharti lilikuwa mnyama atazame kamera. Daktari alilitaka shindano hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu, kwa sababu mwaka uliotangulia alishinda daktari wa macho wa ghorofa ya pili, tena kwa tumbili mmoja tu, na tangu hapo alikuwa akimsalimia Daktari kwenye ngazi kwa huruma.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata walifika hifadhini mapema. Nyati zaidi ya mia moja walikuwa wamesimama bondeni. Daktari alilenga, na nyati wakageukia gari.

"Baba, wanamtazama Shangazi," alisema msichana.

"Nyati hawana habari na shangazi yako."

Shangazi, aliyekuwa akimenya mayai kando ya gari, alinyanyuka kimya kimya. Alipiga hatua tano kwenda kulia, na pembe zaidi ya mia mbili zikaenda kulia. Alilizunguka gari polepole, na nyati wakageuka pamoja naye wakikwaruzana. Dume mmoja mwenye shingo nzito aliona ni afadhali azunguke mwili mzima. Shangazi akazunguka tena kwa upande wa pili, ili awanyooshe shingo tu.

Mlima nao ulikuwa na tabia hiyo hiyo, ila wenyewe ulichukua muda zaidi. Shangazi alipokaa juu ya jiwe kula yai lake, ulivua wingu na kumgeuzia upande wenye maporomoko ya maji. Daktari alibaki na upande wa vichaka. Alimlalamikia askari wa hifadhi aliyekuwa akipita.

"Ah, huo," alisema askari. "Mwezi wa nne ulimgeukia mama mmoja anayeuza maji pale getini. Siku tatu nzima! Ilibidi tung'oe vibao vya njia na kuvipanda upya." Akaenda zake.

Daktari alimtazama dada yake muda mrefu. Kisha akamjia na ile sauti anayoitumia kabla ya kuchoma sindano.

"Dada yangu mpenzi."

"Leo nimekuwa mpenzi."

"Ungesimama nyuma yangu tu. Hapa, karibu na bega."

"Nitasimama," alisema Shangazi. "Lakini leo, kabla buti la gari halijafungwa, mimi na wewe, bega kwa bega, picha ya Mama."

"Si nimekwambia mwishoni mwa..."

"Mwishoni mwa miaka mingapi?"

Daktari alitazama nyati. Walikuwa wazuri sana, na wote walitazama kwingine. "Haya," alisema.

Shangazi alisimama nyuma ya bega lake na mikoba yake mitano, na kazi ikaenda kama maji. Nyati walitazama kamera. Twiga aliinama ili asikatwe kichwa. Nyani walinyamazisha watoto wao. Ngiri, ambaye kwa kawaida hukimbia mkia juu, alikwenda mbio mpaka mbali, akafikiri, akarudi kukaa. Kobe alifika bila kuitwa. Saa kumi jioni picha kumi na mbili zilikuwa zimetimia.

"Sasa ya Mama," alisema Shangazi, akamgeukia wifi yake. "Wifi, nishikie."

Kwa mara ya kwanza mikoba ilimwangukia mke wa Daktari. "Wifi! Kumbe mizito hivi?"

"Kweli?" alisema Shangazi.

Alijifuta uso, akajifunga kilemba upya, akasimama. Kapu peke yake alisahau kulitua, mkono ulikuwa umelizoea. Daktari aliiweka kamera kwenye stendi, akaitegea sekunde kumi na mbili, akakimbia kusimama kando ya dada yake. Katika sekunde hizo wanyama walikuja kujipanga nyuma yao, wafupi mbele na warefu nyuma, na mlima ukainama kidogo ili kilele chake kiingie. Kamera ikalia.

Picha ilikuwa nzuri kuliko zote. Kaka na dada walikuwa bega kwa bega, na kila chenye macho nyuma yao kilimtazama dada.

"Hii ndiyo ya jalada," alisema Daktari.

"Hii ni ya Mama."

"Dada, ni ya wote wawili. Nitaisafisha na ya Mama."

Sharti la jalada, alilolisoma baadaye akiwa mezani kwake kliniki, lilitaka picha ya mpiga picha bila mtu mwingine. Daktari alimkata dada yake kwenye kompyuta kwa uangalifu wa mtu aliyesomea kung'oa. Alibakiza kiwiko kimoja na kapu, kwa sababu angekata zaidi angekata mguu wa twiga.

"Ile nzima iko wapi?" aliuliza Shangazi, trei ya vyombo mkononi.

"Nimehifadhi hii juu yake. Kumbe ukihifadhi juu yake, ile ya zamani inafutika." Daktari alijikuna sikio. "Usijali, tutapiga nyingine."

"Lini?"

"Safari ijayo. Mwishoni."

Ukutani, swala arobaini walimtazama Shangazi akichemsha koleo muda mrefu kuliko linavyohitaji.

Daktari alishinda. Kalenda ilichapishwa nakala elfu arobaini, ikatundikwa posta, benki, vinyozi na shule. Kila ilipotundikwa, wanyama wote wa kila mwezi walitazama upande aliko Shangazi. Watu walizoea. Mke wa Daktari alipomhitaji aliangalia kalenda, kisha akaita upande huo. Daktari wa macho wa ghorofa ya pili aliitundika kwa kinyongo, halafu akaona inafaa kupimia: "Nyati anatazama wapi? Na sasa?" Alhamisi, akitoka sokoni, Shangazi alizoea kupita nyuma ya ofisi za manispaa na kuzizunguka mara tatu bila sababu. Ndani, picha ya mwezi wa saba kwenye kalenda ilizunguka pamoja naye, na mkurugenzi akahamisha kiti chake kila mara ili ngiri asimwonyeshe makalio.

Daktari alipongezwa redioni. Aliulizwa siri yake, akasema ni subira.

Nakala ya Mama ilifika kwa basi. Hakupiga simu wiki ya kwanza, wala ya pili. Alipiga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Shangazi akiwa tayari hifadhini, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Leo mko mlimani," alisema Mama.

"Umejuaje?"

"Twiga amegeukia dirishani. Siku za kazi hutazama kabati."

"Umeona jalada, Mama?"

"Nimeambiwa kuna kiwiko. Mimi sikukiona. Vitu vidogo sivioni tena, mwanangu, na uso wa mtu ni kitu kidogo. Hata ungekuwemo mzima, nisingekuona." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lakini shingo ya twiga naiona. Asubuhi nakunywa chai nikitazama anakotazama. Nageuza kiti, tunakaa wote wawili, tunakuangalia."

Shangazi aliibana simu zaidi sikioni. Pundamilia walioanza kujikusanya walisubiri.

"Haya, picha!" aliita Daktari. Mkewe alileta mkoba. Msichana alileta wa kwake. Mdogo alileta wa kwake na viatu. Mfuko mweusi ulifika ukiwa mtupu.

"Nani huyo anaita?" aliuliza Mama.

"Mdogo wangu."

"Mnapiga ile picha?"

"Amesema mwishoni."

"Dada," alisema Daktari, jicho moja kwenye kamera, "sogea kidogo."

Shangazi alisogea, simu sikioni, mikoba mitano mikononi. Pundamilia walisogeza vichwa, mlima ukasogea nyuma yao, na ndani ya simu, kutoka mbali, ikasikika miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni.